Mashine ya vakyumu ya nyumbani: namna ya kuchagua usije ukapoteza hela na samaki juu

Jumamosi moja nilitoka Feri, soko la samaki la hapa Dar, na kilo 6 za changu, nikawaparua magamba, nikawatoa matumbo, nikawaosha na kuwapaki palepale kwenye mashine ya vakyumu, ile inayovuta hewa kwenye mfuko na kuufunga, niliyoinunua wiki hiyohiyo, mifuko ikabana vizuri mpaka unaona jicho la samaki limejichora kwenye plastiki, moyo ukatulia kabisa. Jumatano nafungua friza, mifuko minne kati ya tisa imelegea. Hewa imerudi ndani na kwenye mikia barafu nyeupe imeshaanza kuota. Nikashika mmoja mmoja kwenye mwanga wa dirishani ndo nikaona: kwenye mshono, pale mashine inapoyeyusha plastiki ikashikana, kuna mkunjo mwembamba kama uzi wa cherehani umepita toka ndani mpaka nje, na pembeni yake maji yaliyochemka wakati wa kusili (kufunga mfuko kwa joto) yameacha vitu kama malengelenge madogo. Hiyo ilikuwa mifuko miwili. Miwili mingine mshono ulikuwa mzima ila mwiba wa pezi la mgongoni umetoboa plastiki.

Kwa hiyo mashine ilivuta vizuri tu, pampu haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa mshono, mfuko na maji, na haya matatu hakuna muuzaji aliyenitajia hata mmoja, wote walikuwa wanasifia nguvu ya kuvuta. Ndo maana naandika kwa urefu, hela ya mashine ni hela ya kulisha nyumba wiki kadhaa, na samaki wa watu anauma akitupwa.

Kabla hujaangalia mashine yoyote jiulize unapaki nini

Watu wanarukia hapa wanaenda moja kwa moja kuuliza bei. Kaa chini ufikirie mwezi mzima jikoni kwako unaendaje. Kama kazi yako kubwa ni vitu vikavu, yaani dagaa waliokauka, mchele, choroko, korosho, karafuu na pilipili manga, karibu mashine yoyote ya nyumbani itakufaa maana hakuna maji ya kusumbua mshono. Kama ni samaki na nyama kama mimi, unahitaji mashine inayovumilia unyevu. Kama unataka kupaki supu, mchuzi, tui la nazi au nyama iliyolala kwenye viungo vya maji maji, hapo mashine ya kawaida itakutesa kila siku, na kuna aina nyingine nitaitaja chini.

Alafu jiulize kwa mara moja unapaki mifuko mingapi. Mtu anayepaki mifuko mitano kwa wiki na mtu anayepata nusu mbuzi siku ya Idi akataka amalize yote usiku huohuo sio wateja wa mashine moja. Mashine ndogo zinapata moto, ukizifululiza mifuko 15 bila kupumzika ule waya wa kuyeyusha plastiki unazidi joto, badala ya kushikanisha unakata mfuko kabisa, na nyingine zinajizima zenyewe mpaka zipoe. Ukiwa unanunua uliza wazi, "kaka, hii inapiga mifuko mingapi mfululizo?", akikujibu "hii haichoki mama" hapo hujajibiwa, omba kitabu chake usome mwenyewe maana huwa wanaandika upumzike sekunde ngapi kati ya mfuko na mfuko.

Aina zilizopo

Kuna kipampu cha mkononi kinachotumia chaji na mifuko ya zipu yenye kitundu cha valvu. Bei yake nafuu na hakichukui nafasi, kinafaa kwa kitu utakachokila ndani ya siku chache, jibini, nyama ya kesho kutwa, kitu kama hicho. Ila kinachozuia hewa pale ni zipu na kile kivalvu, hakuna plastiki iliyoyeyuka ikashikana, kwa hiyo kwa friza la miezi usikitegemee.

Ya pili ndo hii ya kawaida wengi wanayoijua, ndefu kama rula nene, unaweka mdomo wa mfuko kwenye kijibonde, unafunika, inavuta hewa kisha inasili. Mfuko wenyewe unabaki nje. Hii ndo nitakayoiongelea zaidi maana ndo inayoingia kwenye jiko la mtu wa kawaida.

Ya tatu ni ile ya boksi, mfuko unaingia wote ndani na mfuniko unafungwa juu. Hewa inatolewa kwenye boksi zima, ndani na nje ya mfuko kwa pamoja, kwa hiyo mchuzi haukimbilii kwenye pampu maana hakuna kinachousukuma utoke. Na mifuko yake ni ile laini isiyo na michoro, ambayo ni ya bei rahisi zaidi. Ubaya wake ni nzito, inakula meza nusu, na bei ni ya mtu anayefanya biashara. Kama unauza samaki waliopakiwa, nyama ya kuchoma iliyokolezwa viungo tayari, au unapika kwa oda, usijibane na ile ndogo, kusanya uchukue ya boksi. Kitu kimoja tu, usiweke supu ya moto humo. Hewa ikipungua sana maji yanachemka hata yakiwa ya baridi ya kawaida, kwenye nyuzi joto kama 18 tu yanaweza kuanza kuchemka ndani ya boksi zuri, sasa supu ya moto itafumuka mfuniko wote uchafuke na mvuke uingie kwenye pampu. Poza kwanza kwenye friji.

Mshono

Hapa ndo pa kutulia. Fungua mfuniko uangalie ule mstari wa kuyeyushia, umefunikwa na teipu ya Teflon ya rangi ya kahawia au nyeupe. Nyingine mstari ni mwembamba milimita 2 au 3, nyingine unafika 5, na nyingine zina mistari miwili sambamba. Kwa vitu vikavu mwembamba unatosha. Kwa samaki na nyama nenda kwenye mpana au wa mistari miwili, kwa sababu tone la maji au mkunjo mdogo ukiharibu sehemu ya mstari bado inabaki sehemu nyingine iliyoshika. Mfuko wangu uliovuja ulikuwa na mshono wa milimita 2 na ule mkunjo uliukata wote kwa mara moja, mshono ungekuwa mpana kuna uwezekano mkunjo ungeishia katikati.

Tafuta mashine yenye kitufe cha vitu vibichi na cha vitu vikavu. Watu wanadhani ni urembo. Ukibonyeza kibichi inaongeza muda wa kuyeyusha, kwa sababu maji yaliyopo mdomoni mwa mfuko yanakula joto kabla plastiki haijalainika. Cha pili ni kitufe cha kusili bila kuvuta, kinakusaidia kutengeneza mfuko toka kwenye roli, kurudia mshono wa pili juu ya wa kwanza, na kusimamisha pale unapoona maji ya nyama yanapanda kuelekea mdomoni, unakibonyeza inaacha kuvuta na kufunga hapohapo. Mashine isiyo na hicho kitufe mi siinunui tena. Na kuvuta kwa upole au kwa kudonoadonoa kidogo kidogo ni nzuri kwa mikate, sambusa na maandazi, maana nguvu yote ikivuta unapata maandazi yaliyokuwa bapa kama chapati.

Angalia pia kijibonde kinachokinga maji, kinachomoka? Kama kinachomoka unakiosha kwa sabuni unakirudisha. Kama kimeungwa na mashine basi maji ya samaki yatalala mle, na kwa joto letu la Dar kesho yake jiko lote linajua.

Mifuko, maana ndo utakayoinunua mpaka uchoke

Mashine unanunua mara moja, mifuko unanunua kila mwezi. Kabla ya kulipia mashine hakikisha umeshaona dukani mahali pengine panapouza mifuko inayoingia humo, usiwe mfungwa wa muuzaji mmoja. Mashine nyingi za kawaida zinakubali mfuko wa kampuni yoyote ilimradi upana uingie, kawaida roli zinakuja upana wa sentimita 20, 25, 28, na mashine yenye mdomo wa sentimita 30 inameza zote. Piga hesabu kwa mfuko sio kwa roli. Roli la mita 5 ukikata vipande vya sentimita 30 unapata mifuko 16, gawa bei kwa 16 ndo ujue kila samaki anakugharimu shilingi ngapi kumvisha.

Mashine zisizo za boksi zinataka mfuko wenye michoro ya vijimistari au vialmasi upande mmoja. Ile michoro ndo njia za hewa kupita, ukiweka mfuko laini plastiki mbili zinagandana na hewa inabaki imenaswa chini. Pitisha kidole ndani ya mfuko, lazima uhisi mikwaruzo. Na plastiki yenyewe iwe ya tabaka, nailoni kwa nje na polithini kwa ndani, nailoni inazuia oksijeni isipenye na polithini ndo inayoyeyuka ikashikana. Mfuko wa polithini tupu utashikana vizuri lakini hewa inapenya taratibu, baada ya wiki kadhaa umelegea na wala hauna tundu. Unene angalia kwenye karatasi, huandikwa kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita, kwa chakula laini 70 inatosha ila kwa mifupa na miba tafuta 100 na kuendelea. Mfuko uliobeba nyama mbichi au samaki usiuoshe ukautumia tena, ule wa korosho au mchele hakuna tatizo, unakata mshono, unautumia tena ukiwa mfupi kidogo.

Nguvu ya kuvuta

Huandikwa kwa kilopaskali, kipimo cha mgandamizo wa hewa, utaona kitu kama -60 au -80. Hewa ya huku pwani inatugandamiza kwa kama kilopaskali 101, kwa hiyo mashine ya -80 inaacha kama sehemu moja ya tano ya hewa, ya -60 inaacha kama sehemu mbili za tano. Mi naona ya -70 na kuendelea inatosha kabisa nyumbani, usilipie mara mbili kwa ajili ya -90 iliyoandikwa kwenye boksi halafu mshono ni mwembamba. Kwa ndugu zangu wa Mbeya na Nairobi, mko juu mita kama 1,700 na hewa yenu ni nyepesi, kama kilopaskali 83 hivi, kwa hiyo mashine yenye geji haitafika namba iliyoandikwa kwenye boksi na sio mbovu, hewa ya kuvuta ndo hiyo iliyopo.

Umeme

Jirani yangu aliletewa mashine nzuri sana na mdogo wake toka Marekani, akaichomeka kwa adapta ya plagi, ikalia mara moja, moshi, ikawa basi. Kule umeme ni volti 120 na huku kwetu ni 230, adapta inabadilisha umbo la plagi tu haibadilishi volti. Geuza mashine usome kibandiko cha chini, iwe imeandikwa 220-240V. Ikiwa 110-120V labda uwe na transfoma ya kushusha yenye wati za kutosha, na kwa kweli ukijumlisha gharama ni bora ununue ya huku. Wati zenyewe ni chache, hizi ndogo nyingi ziko kati ya 90 na 150 na zinafanya kazi sekunde chache, LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, haitaihisi. Kinachokula LUKU ni friza.

Dukani usiondoke bila kujaribu

Mimi sasa hivi naenda na kimfuko changu. Ndani yake nabeba vipande vitatu vya mfuko wa michoro, mchele kidogo, na kitambaa nilichokilowesha nikakikamua. Namwambia muuzaji kwa heshima tu, "kaka naomba tuichomeke niione", akikataa naaga. Mfuko wa kwanza naweka mchele, mashine inavuta mpaka mchele unakuwa mgumu kama tofali, naugonga mezani, punje zikichezacheza ndani haijavuta vya kutosha. Mfuko wa pili naweka kitambaa kibichi, hapo ndo unaona mashine ikikutana na maji inafanya nini. Kisha nasubiri upoe na kuushika mshono kwenye mwanga: uwe umekuwa angavu sawasawa toka pembe hadi pembe, usiwe na sehemu nyeupe isiyoyeyuka wala vijibofu wala mkunjo. Navuta plastiki mbili kwa vidole, kama zinaachana kama stika, hapana. Ukitaka uhakika zaidi chukua kipande cha tatu, kisili kikiwa na hewa ndani, kitie kwenye ndoo ya maji ukiminye, kama kuna vipovu kuna tundu.

Ukiwa palepale ulizia spea. Vitu vitatu vinachakaa, sponji au raba inayozunguka kijibonde, teipu ya Teflon, na waya wa joto. Muuzaji akiwa hana hata raba ya akiba, ikichanika mashine nzima itaishia kabatini kwa ajili ya kipande cha sponji.

Kupaki samaki na nyama

Baada ya lile tukio la changu hivi ndivyo ninavyofanya na sijapoteza mfuko mwingine wa samaki. Nakata mapezi yote kwa mkasi, la mgongoni hasa, na mkia naupunguza. Nawaosha, nawachuja, nawapangusa na karatasi ya jikoni ndani na nje, kisha nawalaza kwenye sinia ndani ya friza saa moja mpaka mbili, wawe wagumu juu ila sio mawe. Wakiwa hivyo maji hayatembei tena. Mdomo wa mfuko naukunja kwa nje kama unavyokunja mkono wa shati, sentimita kama 5, ndo naingiza samaki, nikishamaliza naukunjua, kwa hiyo pale penye mshono hapajaguswa na maji wala mafuta. Naacha nafasi kama vidole vinne kati ya samaki na mdomo. Kama bado kuna unyevu naweka karatasi ya jikoni iliyokunjwa, imelala ndani karibu na mdomo lakini haifiki kwenye mshono, inakunywa maji yanayopanda. Nanyoosha mdomo kwa mikono miwili kwa kuvuta pembe kidogo hadi mashine inaposhika, mikunjo ndo inazaliwa hapo. Kisha mshono wa pili, nusu sentimita juu ya wa kwanza.

Mfupa wenye ncha uzungushie kipande cha karatasi au kitambaa safi kabla hujauingiza. Nyama ya Idi usiigandishe ikiwa bado na joto la kuchinjwa, itakuwa ngumu kama raba ukija kuipika, ilaze kwenye friji mpaka kesho yake ndo uipaki. Kamba wagandishe kwanza kwenye sinia, vichwa vitolewe maana ile pembe ya kichwani inatoboa kila kitu. Sambusa za Ramadhani hivyohivyo, zigande kwanza, alafu kitufe cha upole.

Mboga zinataka kuchovywa kwenye maji yanayochemka kwanza, mchicha na sukuma wiki dakika 2 hivi, kisha kwenye maji ya barafu, kisha zikamuliwe sana. Kabichi ukiipaki mbichi inatoa gesi na mfuko unavimba wenyewe ukadhani mashine imekosea. Kisamvu kishatwangwa na kuchemshwa kinakaa vizuri mno, kipakie cha mlo mmoja mmoja kwa kukibana kikawa bapa, kinayeyuka haraka na kinapangika kama vitabu.

Na kila mfuko uandikwe tarehe na jina. Vibua na jodari wana mafuta mengi, mi nawala ndani ya miezi 2 au 3 hata wakiwa wamebana vipi, changu na wenzake wasio na mafuta nafika miezi 6.

Hapa naomba usome polepole

Kuvuta hewa hakuui wadudu wa magonjwa. Wengine wanapenda hapohapo pasipo na hewa. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum, mbegu zake ziko kwenye udongo na kwenye matumbo ya samaki, kuchemsha kwa kawaida hakuziui, na zikipata mahali penye unyevu, pasipo na chumvi nyingi wala uchachu, pasipo na oksijeni na pasipo na baridi ya kutosha, zinaamka na kutengeneza sumu inayopooza mwili mpaka pumzi. Na chakula kinaweza kisinuke wala kubadilika rangi. Mfuko wa vakyumu ulioachwa kabatini na samaki aliyebanikwa ambaye ndani bado ana maji maji una hayo masharti yote. Nimeona watu wanapaki samaki wa moshi na kusafiri nao siku mbili kwenye basi kwa sababu "ameshafungwa vizuri", na roho inaniuma kila nikiona. Samaki wa moshi laini, nyama iliyopikwa, maharage yaliyochemshwa, viazi, kitunguu saumu kilichosagwa, uyoga, nazi iliyokunwa, yote hayo mfuko haubadilishi kitu, ni friji kwa siku chache au friza kwa miezi. Friza liwe nyuzi 18 chini ya sifuri, friji lisizidi 4, nunua kipimajoto kidogo uweke ndani maana namba za kwenye kitufe sio nyuzi joto.

Samaki aliyegandishwa ndani ya vakyumu ukitaka kumyeyusha, kata mfuko kwanza kisha umweke kwenye friji kwenye bakuli. Usimyeyushe akiwa amefungwa, na usimwache juu ya meza toka asubuhi mpaka urudi kazini.

Na jodari, nguru na vibua wana jambo lao. Wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa wanatengeneza histamini, ukila uso unawaka, kichwa kinagonga, midomo inawasha, na ile sumu haiondoki kwa kupika, kugandisha wala kuvuta hewa. Kwa hiyo mashine haimwokoi samaki aliyelala juani mnadani. Nenda Feri mapema na beba boksi la barafu, hilo boksi lina faida kubwa kuliko mashine yenyewe.

Umeme ukikatika usifungue friza. Likiwa limejaa linashika ubaridi kama masaa 48, likiwa nusu kama 24. Mi naweka kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu ya shilingi 200 juu yake, nikirudi toka safari nikakuta sarafu imezama chini najua barafu iliyeyuka ikaganda tena na hakuna mtu aliyeniambia. Mfuko ukiwa bado una chembe za barafu ndani unaweza kugandishwa tena, ukiwa umeshapata joto zaidi ya masaa mawili tupa, hata kama plastiki bado imebana.

Vitu vikavu

Huku mashine inang'ara. Mchele, choroko na maharage ukivuta hewa fukusi wanakufa kwa kukosa oksijeni, hakuna dawa hakuna harufu. Sharti ni ukavu wa kweli. Mahindi jaribu kwa chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kidogo na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika kadhaa uache itulie, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa bado yana maji mengi, yarudishe juani, maana ukiyafunga hivyo yataota ukungu na sumukuvu, sumu inayotoka kwenye huo ukungu, haina huruma. Ila kwa gunia zima usinunue mashine, kuna ile mifuko ya PICS ya tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na gunia nje, unafunga kwa kamba tu na kazi ni ileile ya kuwanyima wadudu hewa.

Dagaa wawe wanavunjika ukiwakunja, wakijikunja bila kuvunjika bado. Wana mafuta yanayochacha, kwa hiyo hata wakikauka waweke kwenye friji kama nafasi ipo. Wao na korosho hupenda kutoboa, kunja karatasi ndani. Unga na viungo vya kusagwa vitie kwanza kwenye mfuko wa karatasi ndo uingize, la sivyo vumbi lake linaingia kwenye pampu na kwenye mshono. Kahawa iliyokaangwa jana iache siku kadhaa kwanza, bado inatoa gesi.

Kuitunza

Baada ya kupaki samaki futa raba na kijibonde kwa kitambaa cha sabuni, kisha kikavu. Angalia teipu ya Teflon, ikianza kuungua na kuwa nyeusi mahali fulani, mshono utakuwa na udhaifu mahali hapohapo kila mfuko, teipu mpya ni ya bei ndogo na unabandika mwenyewe mashine ikiwa imechomolewa na imepoa. Na usiihifadhi mfuniko ukiwa umekazwa, raba inalala ikabaki bapa na siku ukiihitaji itavuta hewa ya chumba badala ya hewa ya mfuko. Iache mfuniko umelegea, uifunike na kitambaa vumbi lisiingie.